Besi ya Mtoro

Jumanne ya mwisho ya Agosti, saa kumi na nusu alasiri, Eleuterio Tumulak, fundi magita aliyeitwa Teryo, alipaka gundi kwenye shingo ya gita la besi, akaulaza ubao wa vidole juu yake na kuubana kwa jiriwa kumi na moja. Shingo ilikuwa ya narra, mti ambao ni ndugu wa mninga. Ubao wa vidole ulikuwa wa kamagong, mweusi na mzito kama mpingo. Mwili wa gita, uliokuwa umeegemezwa ukutani ukisubiri zamu yake, ulikuwa wa mfenesi. Pale Abuno, kisiwani Mactan, magita yametengenezwa kwa mfenesi tangu zamani, na Teryo hakuona sababu ya kubadili mti eti kwa kuwa hili lilikuwa la umeme.

Alifuta gundi iliyochuruzika pembeni, akanawa mikono, akavaa shati lenye kola. Jioni hiyo ilikuwa ya tisa, na ya mwisho, ya sala za kumwombea mwenye gita.

Mwenye gita alikuwa Crispulo Ompad, ambaye watu walimwita Pulo, mpiga besi kwenye bendi ya meli ya watalii. Mwezi wa Januari, akiwa likizo, alikuja karakana akaweka mkono wa kushoto juu ya kipande cha mbao, na Teryo akauchora kwa penseli. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda. Mlango wa darasa ulikibana Pulo akiwa na miaka minane, na tangu hapo hakikunyooka. Kwenye besi za dukani kidole hicho hakikufika kilipotakiwa kufika, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa Pulo alikuwa akipiga kwa vidole vitatu na kuziruka baadhi ya noti.

"Zile ninazoziruka, Nong," alimwambia Teryo siku hiyo, kwa heshima ya mtu kumwita kaka mkubwa, "ndizo ninazozitaka."

Teryo alimwahidi shingo nyembamba upande wa kidole kidogo. Pulo akarudi melini.

Katikati ya Agosti ilikuja barua ya wakala wa mabaharia mjini Cebu. Ilisema kwamba bwana Ompad alishuka bandarini bila ruhusa na hakurudi, na kwamba kwa mujibu wa mkataba wake alikuwa ametoroka. Pamoja na barua lilikuja begi lake. Mkewe, Bebiana, alilifungua juu ya meza ya kulia chakula. Kulikuwa na suruali tatu, mswaki, miwani yake ya kusomea, na viatu vyake vyote viwili vya kutembelea.

"Ametoroka peku?" aliuliza Bebiana, akaiweka picha ya mumewe mezani na kumwita mama anayeongoza sala za wafu.

Padri alimwambia kwamba angeweza kusali nyumbani kadiri apendavyo, lakini jina la Pulo lisingesomwa kanisani miongoni mwa marehemu bila cheti cha kifo. Cheti kilihitaji karatasi ya wakala, na karatasi ya wakala ilisema alitoroka. Baadhi ya majirani walikuja kusali. Wengine walisema hawawezi kumwombea mtu ambaye wakati huo huo yuko na mwanamke bandari fulani anakula tambi.

Jioni ya tisa, katikati ya fungu la mwisho la rozari, Teryo alikumbuka fimbo. Ndani ya shingo ya besi hulazwa fimbo ya chuma ambayo fundi huikaza au kuilegeza ili shingo isipinde kwa mvuto wa nyuzi. Gundi ikiingia kwenye mfereji wa fimbo hiyo na kukauka, fimbo hukwama, na shingo inafaa kuchomea mahindi tu. Fundi hutakiwa kuizungusha huku na huko kabla gundi haijashika. Teryo hakuwa ameizungusha.

Alimaliza Salamu Maria zilizobaki kwa kasi kuliko wenzake, akakataa kahawa na wali wa kunata, akatoka.

Abuno, mtu anayetoka msibani haendi moja kwa moja nyumbani kwake. Hupita kwanza mahali pengine, akakaa kidogo, ili marehemu kama anamfuata apotee njia. Watu wengi hupita kwenye kiduka cha Nang Idad, yaani dada Idad, na kununua sigara moja moja, hata wasiovuta. Teryo alikipita kiduka hicho mbio.

"Nong Teryo! Sigara!" aliita Nang Idad.

"Gundi!" alijibu Teryo.

Aliingia karakana, akatia spana kwenye kichwa cha fimbo, akazungusha. Ilikataa, kisha ikakubali. Aliizungusha mara sita kwenda na mara sita kurudi, akashusha pumzi. Alipogeuka, Pulo alikuwa amesimama karibu na msumeno wa umeme. Alikuwa amevaa koti jeupe la bendi lenye vifungo vya rangi ya dhahabu, tai ya kipepeo, na kiatu kimoja cha jukwaani. Alikuwa amelowa, na maji yalimchuruzika bila kupungua.

"Habari za jioni, Nong."

"Nzuri, Dong," alijibu Teryo, kama mtu anavyomwita mdogo wake. "Usisimame karibu na mbao, tafadhali."

Pulo akasogea. Soling, mke wa Teryo, alichungulia kutoka jikoni akiwa na kisu cha mboga. Alimtazama Pulo, akaitazama sakafu, kisha akamtazama mumewe.

"Hukupita popote, wewe."

"Gundi ilikuwa inakauka."

"Gundi! Mwaka juzi ilikuwa vanishi, ukaniletea shangazi Petra akakaa humu mpaka Krismasi akikosoa mapishi yangu." Alikwenda jikoni na kurudi na beseni la kufulia. "Dong Pulo, simama humu. Sakafu hii nimeipiga deki leo."

"Asante, Nang."

Pulo aliingia kwenye beseni, akanyoosha mkono wa kushoto, akaipapasa shingo kupitia katikati ya jiriwa.

"Bado nene," alisema. "Upande huu."

"Najua. Sijaichonga."

Saa mbili usiku alikuwa hayupo. Beseni lilikuwa na maji ya chumvi karibu lita tatu na dagaa mmoja. Dagaa alipewa paka.

Kesho yake saa kumi na mbili jioni alikuja tena, akaingia kwenye beseni bila kuambiwa. Bebiana alikuwa ameshapelekewa habari na alikuwa amekaa kwenye kiti akimsubiri, mkoba magotini. Aliinuka, akainyoosha tai ya mumewe, akaangalia chini.

"Kiatu kingine kiko wapi?"

"Kimebaki huko."

"Nilikununulia mimi vile viatu."

"Najua, mama."

"Una mwanamke?"

"Bebiana, mimi nimekufa."

"Sikukuuliza hilo. Hilo naliona. Una mwanamke au huna?"

"Sina."

"Haya." Akaketi.

Pulo akaeleza jinsi alivyokufa. Hakuchukua muda mrefu. Bendi ilikuwa ikipiga kwenye sitaha ya juu bahari ikachafuka. Mkuu wa burudani akaamuru vyombo viingizwe ndani, kwa kuwa amplifaya zilikuwa mali ya meli. Pulo aliingiza amplifaya yake. Mkuu wa burudani akamwambia kava lake limebaki nje. Pulo akarudi kulichukua.

"Kava?" aliuliza Teryo.

"La turubai. Lina zipu."

"Ulilipata?"

"Nililipata. Tulikwenda nalo baharini."

"Na huyo mkubwa wako aliona?" aliuliza Bebiana.

"Aliona vizuri. Akaangalia saa. Wangegeuza meli wangechelewa bandarini, na abiria walikuwa wameahidiwa fataki. Asubuhi wakaandika kwamba nimeshuka."

Soling alisema maneno mawili kuhusu mkuu wa burudani ambayo hayakufaa kusemwa mbele ya marehemu, akaomba radhi.

Bebiana alitoa barua ya wakala kwenye mkoba. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata ikaanza kuachana kwenye mikunjo.

"Mimi nataka neno moja tu," alisema. "Sitaki waniombe msamaha, sitaki wafungwe. Nataka 'alitoroka' litoke na 'alikufa' liingie. Basi. Padri asome jina lako na mimi nikuandike kwenye jiwe la wazazi wako. Nimekwenda kule mara mbili. Yule karani, Bwana Alcuizar, si mtu mbaya, lakini anasema anahitaji shahidi aliyeona kwa macho yake."

"Shahidi si huyu hapa, kwenye beseni," alisema Soling.

Wote wanne waliona kwamba hilo lilikuwa wazo zuri.

"Ila usilimalize hilo gita, Nong," Bebiana alimwambia Teryo wakati wa kuaga. "Tafadhali. Akishalipata ataondoka, nami nitabaki na karatasi yao."

Teryo hakuwahi kuchelewesha kazi kwa makusudi, na aligundua kwamba ni vigumu kuliko kuiharakisha. Aliichonga shingo kwa randa ndogo, kisha kwa kipande cha kioo, akiondoa unyoya baada ya unyoya, na kila jioni Pulo aliishika, akafumba macho, akasema bado. Alifunga freti ishirini na moja, vile vijichuma vinavyokatiza ubao wa vidole, moja kwa siku, ingawa siku za kawaida angezimaliza kabla ya chakula cha mchana. Alichonga kikalio cha nyuzi kutoka kwenye pembe la nyati wa kulimia, akakitupa, akachonga kingine. Mwili wa mfenesi, ambao ulikuwa na rangi ya njano kama embe, ulianza kuiva kuelekea kahawia.

Tatizo lilikuwa unyevu. Kila Pulo alipoishika shingo, mbao ilikunywa chumvi, na asubuhi Teryo aliikuta imepinda kama upinde wa mtoto. Alikaza fimbo robo mzunguko, ikanyooka. Jioni Pulo akaishika tena. Teryo alipendekeza glavu za mpira. Pulo alizivaa jioni moja. Zikajaa maji na kufanana na viwele vya ng'ombe, akazivua.

Mwishoni mwa Septemba walikubaliana siku. Ofisi ya wakala hufungwa saa kumi na moja, na Teryo aliuliza kama Pulo angeweza kuja mapema.

"Naweza kuja saa yoyote, Nong. Saa kumi na mbili ni mazoea tu. Ndiyo saa tunayoanza kupiga."

Kwa kuwa Pulo alimfuata Teryo kwa sababu Teryo hakupita popote, ilibidi waende hivyo hivyo. Teryo alilileta gari lake dogo la kubebea mbao mpaka kwenye mlango wa karakana. Bebiana alikaa mbele, na Pulo nyuma, ndani ya beseni, ameshika koti lisipeperuke. Kwenye taa nyekundu ya kuingilia daraja Bebiana aliingiwa na hofu.

"Tumesimama."

"Hatujashuka," alisema Teryo. "Kusimama si kupita mahali."

"Nani kasema?"

"Shangazi Petra. Alipita taa nne."

Upande wa pili wa daraja Bebiana alitaka maji ya kunywa na hakunywa, na baadaye alitaka choo na hakwenda.

Mlinzi wa jengo alikagua mkoba wa Bebiana na kumwambia Pulo apande ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa imefanyiwa matengenezo majuzi na haikupenda maji. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu. Bwana Alcuizar, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, aliwapa viti, akatandika magazeti mbele ya meza yake, akamwonyesha Pulo pa kusimama.

"Jina?"

"Crispulo Ompad."

"Alama maalumu?"

Pulo akainua mkono wa kushoto. Bwana Alcuizar aliangalia faili, akakiangalia kidole kidogo, akavaa miwani, akakiangalia tena.

"Ni chenyewe," alisema, akaandika. "Haya, eleza."

Pulo alieleza, na Bwana Alcuizar alichapa kila neno: dhoruba, amplifaya, kava lenye zipu, mkuu wa burudani, saa, fataki. Aliuliza rangi ya kava. Aliuliza ilikuwa noti gani bendi ilipokatishwa, si kwa sababu fomu ilitaka, bali kwa sababu ujanani alipiga gita kidogo. Bebiana alikaa wima, mikono juu ya mkoba. Alikuwa hajawahi kuona mtu wa ofisi akiandika maneno ya mume wake kwa uangalifu kiasi kile, na rangi ilikuwa imemrudia usoni.

Pulo alitia sahihi kwa kalamu ya wino, ikatapakaa. Akapewa penseli.

Bwana Alcuizar aligonga muhuri, akasoma kurasa zote mbili tangu mwanzo, akazitoboa na kuzifunga kwenye faili.

"Sasa mtabadilisha?" aliuliza Bebiana.

"Mama, ningependa sana." Bwana Alcuizar alivua miwani. "Lakini tazama jinsi mambo yalivyo. Taarifa ya kifo huletwa na mtu mwingine, kuhusu mtu asiyeweza kuja. Mumeo amekuja. Kaonyesha kidole, katia sahihi. Mpaka jana faili hili lilikuwa na kasoro, sikufichi. Tulisema ametoroka, lakini hakuna mtu wetu aliyekuwa amemwona nje ya meli. Leo nimemwona mimi."

"Umemwona amekufa."

"Nimemwona amekufa, sibishi. Pole sana. Lakini hapa kuna visanduku viwili tu. Yuko melini, au hayuko melini bila ruhusa." Alimgeukia Pulo. "Ulikuwa na ruhusa?"

"Hapana," alisema Pulo. "Na yule aliye chini ya meli?"

Bwana Alcuizar alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. Alifungua hata kitabu cha kanuni.

"Chini ya meli si melini," alisema mwishowe.

"Na mkuu wa burudani?" aliuliza Teryo. "Yeye aliona."

"Amepandishwa cheo. Maelezo yake yanasema hakuona." Aliinuka, akampa kila mmoja mkono, pamoja na Pulo, kisha akajipangusa kwa leso. "Asante kwa kuja, bwana Ompad. Wengi hawaji. Unaweza kuchukua magazeti."

Walirudi mpaka darajani.

"Tusingemleta," alisema Bebiana.

"Tusingemleta wangesema hakuna shahidi," alisema Teryo.

"Ndiyo. Lakini lingekuwa na kasoro. Lile faili. Kasema mwenyewe." Alitazama maji chini ya daraja. "Sasa nimelinyoosha mimi."

Baada ya hapo hakukuwa na sababu ya kuchelewesha. Teryo aliunga shingo na mwili kwa skrubu nne, akafunga sumaku mbili za kunasa sauti, akalehemu nyaya, akavuta nyuzi. Siku tatu za mwisho alizitumia kwa marekebisho, kazi ambayo wateja hawaioni na ambayo ndiyo gita lenyewe. Alibonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, akapitisha kadi ya mwaliko wa harusi katikati. Ilipita bila kuusukuma uzi, akaridhika. Alishusha nyuzi mpaka zikaanza kukwaruza kwenye freti, akazipandisha kidogo. Alisogeza kila kidaraja kinachobeba uzi, unywele mbele, unywele nyuma, mpaka noti ya katikati ya shingo ikakubaliana na uzi usiobonyezwa. Na kwa kuwa sasa alimfahamu mteja wake, aliikaza fimbo robo mzunguko zaidi ya inavyotakiwa, ili Pulo atakapoishika na mbao ikanywa chumvi, shingo ijilegeze na kutulia mahali pake.

Jumamosi, saa kumi na mbili, alimkabidhi. Pulo alisimama kwenye beseni, mkanda begani, akaanza polepole. Hapo mwanzo alipiga kama alivyozoea, kwa vidole vitatu. Kisha kidole kidogo kikanyooka kadiri kilivyoweza na kufika. Noti ambayo hakuwahi kuipiga kwa miaka kumi na tisa ilitoka, na baada yake nyingine, na baada yake zile zilizokuwa zikirukwa mahali pale pale katika kila wimbo, kila usiku, kila bahari. Sauti ilikuwa nene na kavu. Soling aliacha kukata mboga. Dirisha la jikoni lilitetema kwenye noti za chini, kama linavyotetema ndege inapotua Mactan.

"Iko sawa?" aliuliza Teryo.

"Iko sawa, Nong."

"Haijainuka sana?"

"Usiiguse."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mteja yeyote kumwambia hivyo, na Teryo alikwenda kupanga tupa zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Kisha wote wakasubiri aondoke. Saa mbili ilipita. Soling aliangalia saa ya ukutani, akaangalia beseni, akaangalia tena saa.

"Dong, mbona huendi?"

"Niende wapi, Nang? Huko ninakotakiwa kwenda wanauliza umeandikwa wapi."

Bebiana alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Alikaa kidogo zaidi, halafu akainuka, akalitia gita kwenye begi lake, akalivaa mgongoni. Lilikuwa karibu na urefu wake.

"Basi twende," alimwambia mumewe.

Alipofika kwenye kiduka, Nang Idad alimnyooshea sigara moja kupitia wavu.

"Leo sipiti popote," alisema Bebiana, akaenda moja kwa moja nyumbani. Nyuma yake barabarani zilifuata alama za maji, moja ya kiatu na moja ya mguu mtupu.

Majirani hawakuchukua muda kumwona. Kila saa kumi na mbili Pulo alikuwa barazani na besi yake, ndani ya beseni jipya la kijani, na mtu aliyekuwa akipita alisimama kusikiliza noti mbili tatu kabla ya kusema alichokuja kusema.

"Mtoro karudi!"

"Kakufukuza yule mwanamke, Pulo? Na viatu kachukua?"

"Mwacheni, kaja kwa mkewe. Bora huyu kuliko wa kwangu, aliye hai na haji."

"Pole na kifo, kaka. Lakini ungeandika hata barua."

Pulo aliwasalimia wote. Mwanzoni Bebiana alitoka barazani na kuwaeleza habari za kava na fataki. Walimsikiliza, wakatikisa vichwa kwa huzuni ya kweli, na wiki iliyofuata wakasema vile vile. Hakuna aliyebisha kwamba Pulo amekufa. Ilikuwa wazi, maji yalikuwa yakimtoka. Na hakuna aliyebisha kwamba alitoroka, kwa sababu iliandikwa, na sasa mwenyewe alikuwa ametia sahihi. Mambo hayo mawili yaliishi Abuno bila kugombana.

Tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, watu wote walikwenda makaburini asubuhi, na vyakula, na viti vya plastiki. Bebiana na Pulo walikwenda pamoja. Pulo alibeba ufagio na ndoo ya chokaa, na chokaa ilikuwa nyepesi kuliko kawaida. Walilifagia kaburi la wazazi wake, wakalipaka. Jiwe lilikuwa na majina mawili juu na nafasi tupu chini, ambayo Bebiana aliipangusa kwa kitambaa kama sehemu nyingine.

Saa tatu padri alisoma kwa kipaza sauti majina ya marehemu wa mwaka ule. Yalikuwa ishirini na matatu. Pulo alivua kiatu chake, akasimama wima na koti lake jeupe, akasikiliza mpaka la mwisho.

"Wa mwisho nilisoma naye," alisema. "Sikujua kama ameshafariki."

Bebiana alikuwa amenunua mishumaa mitatu. Wa baba mkwe aliusimamisha chini ya jina lake, na wa mama mkwe chini ya lake. Aliuwasha wa tatu, akatafuta pa kuuweka, akaona kwamba hapana mahali.

"Lete nikushikie," alisema Pulo.

Aliupokea. Ukazimika kwa mlio mdogo. Bebiana aliuchukua tena, akaufuta utambi kwa upindo wa gauni, akauwasha upya kwa moto wa mama mkwe, akabaki ameushika.

Mwanamke wa kaburi la jirani, aliyekuwa akimenya yai, aliwatazama kwa muda.

"Huo wa tatu ni wa nani, dada?"

"Wa mume wangu."

Mwanamke alimtazama Pulo, kutoka kwenye tai mpaka kwenye dimbwi alilosimama ndani yake.

"Yule aliyetoroka?"

"Aliyekufa," alisema Bebiana.

"Naona kwamba amekufa, dada, mimi si kipofu. Nauliza, ndiye yule aliyetoroka?"

Bebiana aliukinga mshumaa na upepo. Mwanamke akamaliza kumenya yai, akalikata mara tatu kwa uzi, akampa kila mmoja kipande chake, na Pulo akashukuru.

Mshumaa ulichukua dakika arobaini na tano kuisha. Nta ilimchuruzika Bebiana vidoleni, na kwenye kifundo cha mkono, na ndani ya mkono wa gauni, naye hakubadilisha mkono. Ulipokwisha, Pulo aliinama akampulizia vidole, kimoja baada ya kingine, kwa pumzi baridi yenye harufu ya mwani, mpaka nta ikaganda.